Na Yeyote Atakayekipata Baada Yake

Bwana Saruji alikataa kiti. Alisimama mbele ya meza ya Inspekta, akagonga kidole juu ya mkataba alioutandaza mwenyewe, akasema yeye si mtu wa maneno mengi. Kisha akazungumza robo saa bila kumeza mate.

Jina lake la kwenye kitambulisho hakuna aliyelitumia. Alikuwa akiuza saruji kwa jumla, na watani wake walisema jina limemfaa mara mbili, maana akishaganda mahali habanduki. Miezi minane iliyopita alinunua kiwanja cha mbele, kile kinachotazama barabara. Wiki tatu zilizopita akakizungushia ukuta. Na siku kumi zilizopita teksi iliyombeba mama mwenye uchungu wa uzazi ilifika pale palipokuwa na njia, ikakuta matofali.

Nyumba ya uzazi ya Mkunga iko nyuma ya kiwanja hicho. Yule mama alibebwa na watu wanne kupitia kichochoro cha mtaro, dakika ishirini, akateremshwa chini mara mbili ili wapumzike. Yeye alipona. Mtoto hakulia.

"Nasikitika kama mtu mwingine yeyote," Saruji alisema. "Lakini yule bibi anatembea mtaani na karatasi inayosema mimi nimevunja mkataba. Karatasi yenyewe ni ya kughushi. Mfungulie mashtaka, afande, tumalize."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, aliyekaa miaka kumi na tisa kwenye upelelezi na zaidi ya nusu yake kwenye kesi za hati. Alivuta nakala ya Saruji upande wa kulia, ya Mkunga upande wa kushoto, akazisogeza mpaka zikagusana.

Mkataba ulikuwa mmoja. Uliandikwa miaka kumi na minane iliyopita, siku kaka na dada walipogawana kiwanja cha wazazi wao. Kaka alichukua mbele. Dada, ambaye ndiye Mkunga, alichukua nyuma. Aliyewaandikia ni mthibitishaji wa hati ambaye mji mzima ulimwita Mzee Muhuri. Kurasa tatu, nakala tatu: ya kaka, ya dada, na ya kubaki ofisini. Kaka alipouza, alimkabidhi Saruji nakala yake. Miezi minne baadaye akafariki.

Ukurasa wa kwanza ulifanana neno kwa neno kwenye nakala zote mbili, na wa tatu vilevile. Ugomvi ulikuwa kwenye ukurasa wa pili, kifungu cha tano. Nakala ya Mkunga ilisema mwenye kiwanja cha mbele ataacha njia ya kupita, yenye upana wa mita tatu, na kwamba sharti hilo litamfunga yeye, warithi wake, na yeyote atakayekipata kiwanja baada yake, kwa kununua, kupewa au kurithi. Nakala ya Saruji ilisema kaka anamruhusu dada yake kupita, kwa hisani, kwa muda wote ambao yeye kaka atakuwa mmiliki.

"Tazama ya kwake ilivyo," Saruji alisema. "Ukurasa wa pili mweupe, wenzake manjano. Halafu imekatwakatwa kwa wino kama daftari la mwanafunzi. Sasa tazama yangu ilivyo safi."

"Naiona."

"Basi?"

"Mtaalamu wa maandishi ameleta ripoti jana," Inspekta alisema. "Zile saini fupi za pembeni, za kaka mtu na za dada mtu, ni za kweli kwenye kurasa zote mbili. Na mashine iliyopiga taipu ni moja."

"Si umeona? Alisaini ya kwangu kwa mkono wake."

"Alisaini na ya kwake. Kabla hujanunua, ulihakikisha vipi?"

"Wakili wangu alikwenda kwa Mzee Muhuri mwenyewe, akalinganisha na nakala ya ofisini. Sawasawa. Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia, afande."

Alipotoka, Inspekta aliinua ukurasa mweupe wa Mkunga akauangalia dirishani. Nakala mbili dhidi ya moja, na hiyo moja ndiyo yenye rangi tofauti. Alizitia zote kwenye bahasha, akachukua mkoba wake.

*

Kichochoro cha mtaro kilikuwa chembamba kiasi cha kuwalazimisha watu wapishane kwa ubavu. Inspekta alihesabu kona tano. Kwenye kona ya nne mtu alikuwa ameweka mbao mbili juu ya maji machafu, na mbao zenyewe zilikuwa zimepasuka katikati.

Mkunga alimpokea mlangoni. Alikuwa na miaka kama sitini, mfupi, mikono minene ya mtu wa kazi, aproni imefungwa juu ya kifua. Chumba kilikuwa na vitanda vinne, kimoja tu kina mtu, mzani wa watoto, na kabati la vioo lenye vifaa vilivyopangwa kwa ukubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, mwanangu. Usiguse huko, kumepigwa dawa."

Alimkalisha kwenye benchi, mwenyewe akaendelea kukunja mashuka.

"Nakala hii ulikuwa ukiiweka wapi?"

"Kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda changu. Miaka yote hiyo."

"Mbona ukurasa wa pili ni mweupe kuliko wenzake?"

"Waniuliza mimi? Iulize karatasi."

Mgonjwa wa kitandani alicheka kidogo, akaugeukia ukuta. Inspekta hakucheka.

"Kaka yako alipotaka kuuza, mlizungumza?"

"Alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa. Alikuwa anaumwa, anataka kwenda kutibiwa mbali. Nikamwambia uza, kaka, afya kwanza. Njia iko kwenye mkataba, mimi nihofu nini?"

"Na tangu mlipogawana, ulishawahi kusaini karatasi nyingine yoyote kuhusu kiwanja hiki?"

Mkunga alikuwa amemaliza kukunja shuka. Alilikunjua, akaanza tena.

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nimesema hapana, mwanangu."

Inspekta aliandika neno hilo kwenye daftari lake, na saa ya jibu pembeni yake. Alipoinua macho, Mkunga alikuwa analipanga lile shuka juu ya mengine, pembe kwa pembe, kwa uangalifu uliopita kiasi.

"Mama, nakala ya ofisini ikikubaliana na ya Bwana Saruji, mimi nitarudi hapa na pingu. Si kupenda kwangu."

"Najua."

"Kama kuna jambo, huu ndio wakati wake."

"Wakati wangu mimi ni wa yule pale," Mkunga alisema, akionyesha kitanda. "Uchungu umeanza alfajiri. Nikifungwa, nani atampokea?"

*

Ofisi ya Mzee Muhuri ilikuwa ghorofa ya kwanza, ng'ambo ya barabara. Mzee alikuwa amepita sabini, kola imepigwa pasi ikasimama, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Ukuta mzima ulikuwa makabati ya chuma. Juu ya meza ndogo ya pembeni palikuwa na mashine ya taipu, imefunikwa kitambaa, na kisanduku cha mbao cha muhuri kikiwa na kufuli lake.

"Karibu, binti yangu. Nilikuwa nakungoja," alisema. "Mji huu hauna siri."

"Nimekuja kuona nakala ya ofisi."

Makabati yalikuwa tisa, na kila moja lilikuwa na mamia ya mafaili. Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye droo ya tatu ya kabati la nne, akachomoa faili bila kusoma jalada, akaliweka mezani.

Kifungu cha tano kilikubaliana na cha Saruji. Hisani ya kaka kwa dada, inayokoma akiuza.

"Namhurumia," Mzee alisema. "Mama mwema. Amezalisha nusu ya mtaa. Lakini mtu akibanwa, hujui atafanya nini. Enzi hizo alikuwa akija hapa kupiga taipu fomu zake za vizazi. Mashine ilikuwa wazi kwa kila mtu. Simtuhumu. Nasema tu alikuwa anakuja."

"Sijauliza habari za mashine, mzee."

"Nakurahisishia kazi."

"Ahsante." Inspekta alilifungua daftari lake ukurasa mpya. "Basi nirahisishie zaidi. Nifundishe. Watu wakija hapa kuandikishana, kazi yako ni ipi hasa?"

Mzee aliegemea kiti. Swali lilimpendeza, na hilo halikujificha usoni.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kugonga muhuri. Muhuri hata aliyelala ataugonga. Kazi yangu ni kuwaandikia watu ambao hawamo chumbani. Wawili wamekaa hapa, wanaelewana, wanacheka. Kwa hao wawili maneno ya mdomo yangetosha. Mimi nawawaza wengine. Yule atakayenunua. Mjukuu atakayerithi. Mtoto ambaye hajazaliwa bado. Hao mkataba utawashika, na hawana wa kuwasemea. Wa kuwasemea ni mwandishi."

"Na siku ya kusaini?"

"Nasoma kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Hata kama mtu ni profesa, atasomewa. Mtu akipinga neno, silipigi upya. Nalikata kwa kalamu palepale, wote wanatia saini fupi pembeni yake. Halafu chini kabisa, ukurasa wa mwisho, naandika maneno mangapi yamefutwa na katika ukurasa gani. Ili asije mtu kesho akakata lake au akaongeza lake."

"Kila mara?"

"Miaka arobaini na moja, binti yangu, sijaacha hata mara moja."

Inspekta aliinua ukurasa wa tatu wa nakala ya ofisi. Chini ya saini, chini ya muhuri, palikuwa na mstari mdogo ambao jicho huupita kama linavyoipita anwani ya mpiga chapa. Aliusoma kwa sauti.

"'Umesomwa mbele ya wahusika nao wakauelewa. Katika ukurasa wa pili, maneno mawili yamefutwa.'"

Mzee aliinama kuutazama.

"Mstari huu uko kwenye nakala zote tatu," Inspekta alisema. "Naomba unionyeshe hayo maneno mawili. Hapa, kwenye nakala yako."

Mzee alivaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Ukurasa wa pili ulikuwa safi tangu juu mpaka chini.

"Huenda siku ile nilikosea kuandika."

"Ulikosea mara tatu?" Alitoa nakala ya Saruji kwenye bahasha, akaiweka kando ya ile. Nayo ilikuwa safi. Kisha akatoa ya Mkunga, iliyokatwakatwa, akaweka kidole kwenye mstari wa tisa. Mkataba ulikuwa umepigwa "njia ya kupita kwa miguu", na maneno "kwa miguu" yamekatwa kwa wino uliokwisha kufifia, saini mbili fupi pembeni yake. "Mawili. Nimehesabu."

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi.

"Unakumbuka nani aliyetaka yafutwe?"

"Yeye," Mzee alisema polepole. "Nilikuwa nimesoma nimefika hapo, akaninyanyulia mkono. Alisema, mzee, mama mwenye uchungu hatembei."

Inspekta alimwacha akae na maneno yake. Alikunja kona ya nakala ya ofisi, akaigeuza kwenye mwanga.

"Ukurasa wa kwanza una matundu manne ya stepla. Wa tatu, manne. Wa pili una mawili tu. Ya Saruji ni hivyohivyo. Pini ilitolewa, ukurasa ukabadilishwa, ikapigwa pini nyingine. Hii ya Mkunga ina pini moja, na kutu yake imepenya kurasa zote tatu mahali pamoja. Haijafunguliwa tangu siku ile. Ukurasa wa katikati ni mweupe kwa sababu wenzake ndio waliokula vumbi na unyevu."

"Saini za pembeni ni za kweli. Umesema mwenyewe."

"Sijakwambia hivyo, mzee. Hiyo ripoti nimemsomea mtu mmoja tu."

"Bwana Saruji alipita hapa jana jioni."

"Ripoti nimemsomea leo asubuhi."

Inspekta alitoa simu, akaiweka katikati ya meza, sauti ya juu. Iliita mara sita.

"Mama, ni mimi niliyekuja mchana. Nakuuliza tena swali lilelile, na safari hii usikunje mashuka. Ulisaini nini?"

Upande wa pili mlango ulifungwa kwanza.

"Ilikuwa kabla kaka hajauza," sauti ya Mkunga ilisema. "Mzee Muhuri alikuja hapa. Nilikuwa na mzazi, kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Alisema ofisi ya ardhi imebadilisha namba za viwanja, kuna marekebisho. Karatasi mbili. Kaka alikuwa ameshasaini zake. Nikatia saini palepale mlangoni, sikusoma hata mstari."

"Akakuomba na nakala yako?"

"Aliomba. Nikamwambia arudi baadaye, sanduku liko uvunguni. Hakurudi."

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliona haya, mwanangu. Kila siku nawaambia wazazi wasisaini fomu wasiyoisoma. Halafu nikadhani nimejitia kitanzi kwa mkono wangu, ukijua ndio nimekwisha. Ni huyo mzee aliyefanya hivi? Alikuwa anisomee. Siku zote alikuwa anatusomea."

"Nitakuja kwako, mama," Inspekta alisema, akakata simu.

Mzee Muhuri alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kaka yake na mimi tulikaa dawati moja tangu tukiwa watoto," alisema. "Alikuja hapa amekonda, suruali inamvuka. Wanunuzi watatu walikuwa wamekataa kiwanja kwa sababu ya njia. Alisema nikiibadilisha atauza, atatibiwa, atapona, na dada yake atamweleza mwenyewe. Alisema hakuna mnunuzi atakayekuwa na roho ya kumzibia mkunga. Nilijua si kweli. Kazi yangu miaka yote ni kujua kwamba hilo si kweli."

"Saruji alijua?"

"Hakujua. Wakili wake alikuja akakuta kila kitu kinakubaliana. Yeye alinunua alichoonyeshwa."

"Ulichukua kitu kwa huyo rafiki yako?"

"Hata kikombe cha chai."

Inspekta alisimama kunyoosha mgongo, akasogea dirishani. Ndipo alipoona. Ghorofani pale, ukuta wa Saruji ulikuwa chini yake moja kwa moja, mtu angeweza kuhesabu matofali. Lango la zamani lililozibwa lilijitokeza wazi kwa rangi mpya ya lipu.

Alirudi, lakini hakukaa.

"Siku ile teksi ilipofika hapo, ilikuwa saa nne asubuhi. Wewe ulikuwa wapi?"

Mzee alitazama dirisha.

"Hapa."

"Uliwaona?"

"Niliwaona wakimshusha. Dereva alikuwa anaupiga ukuta kwa kiganja, anaita watu."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa na wateja wawili, mtu na mkwewe. Nilikuwa katikati ya kuwasomea." Alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Nikaendelea kusoma."

Inspekta alimsogezea karatasi nyeupe na kalamu. Mzee aliandika maelezo yake kwa mwandiko ulionyooka, bila kufuta neno hata moja, akatia saini kila ukurasa. Alipomaliza alinyoosha mkono kuelekea kisanduku cha muhuri, kwa mazoea tu. Inspekta alikuwa ameshakichukua.

*

Asubuhi ya pili yake Saruji alikuwa mbele ya ukuta wake na mafundi wawili, anasoma nakala ya Mkunga kwa mara ya tatu.

"Sikuwepo siku hiyo," alisema. "Sikusaini. Sikusomewa. Kwa hiyo mimi ndiye huyu 'yeyote'?"

"Wewe ndiye yeyote, bwana."

"Nitawashitaki."

"Una haki. Mmoja yuko mahabusu. Mwingine yuko kaburini."

Saruji alimrudishia karatasi. Alichukua futi kwa fundi, akapima mwenyewe, akachora mistari miwili ya chaki kwenye lipu mpya, akairudia kupima. "Tatu," aliwaambia mafundi. "Si tatu na robo. Mkizidisha hata kidogo mtajenga kwa posho yenu." Kisha akasogea pembeni, akawageuzia mgongo nyundo zilipoanza kulia.

Mkunga alikuwa amesimama upande wa pili, na matofali yalipopungua alianza kuonekana, kwanza kichwa, baadaye aproni. Inspekta alivuka vifusi akamfuata.

"Mzaliwa wa jana?"

"Wa kike. Ana sauti kama ya askari." Mkunga hakutabasamu. "Sijalala. Nimejiuliza, mzee wa watu, hana kiwanja huku, hana ugomvi na mimi. Wazo lilikuwa la nani?"

Inspekta angeweza kusema kwamba upelelezi haujakamilika. Ilikuwa kweli, kwa namna fulani.

"La kaka yako."

Mkunga alitazama mafundi. Tofali moja liliangukia miguuni pao, likapasuka vipande viwili, wala hakurudi nyuma.

"Safari hakuiweza tena. Nimemwogesha miezi minne, mpaka amekufa," alisema. "Kila nikimgeuza ananiomba radhi. Kila siku, afande. Nikawa namwambia nyamaza kaka, hunisumbui."

Walisimama hivyo mpaka pengo lilipofika chini, na fundi mmoja akaanza kuzoa vifusi kwa sepetu.

"Wale wazazi wa mtoto ambaye hakulia," Mkunga alisema. "Wameshaambiwa?"

"Bado. Nilikuwa nakwenda sasa."

"Baba yake hawezi kulisikia hili kwa polisi peke yake." Alishika kamba za aproni nyuma ya kiuno, akahangaika nazo, fundo limekaza. "Nisubiri nivue hii. Tutakwenda wote."